Kushuka korongo la mbali kwa kayaki: mwongozo kamili

Mto wa wazi ukikuzidi nguvu, unajivuta ukingoni, unajitwika kayaki begani na kurudi ulikotoka. Ndani ya korongo lenye kuta wima nafasi hiyo haipatikani kila mahali. Kuna sehemu ukishaingia, njia pekee ya kutoka ni kupitia maji yaliyo mbele yako, na huenda hujayaona bado. Ndiyo maana mwongozo huu wote unazunguka swali moja, ambalo ningependa ulibebe tangu kwenye ramani hadi siku ya mwisho: nikitaka kutoka hapa, natokea wapi?

Siandiki kwa mtu anayejifunza kushika kafi. Ngazi ya kimataifa ya ugumu wa mito ina madaraja sita, I hadi VI, na korongo lenye mteremko mkali kwa kawaida huwa la daraja IV na V. Kama daraja IV karibu na barabara bado linakutoa jasho, baki huko kwanza. Tena, mto ukiwa mbali na msaada, lihesabu kila poromoko kuwa gumu kwa daraja moja zaidi ya lilivyoandikwa. Maji ni yaleyale, lakini bega likichomoka mahali ambapo hospitali iko mwendo wa siku mbili, adhabu yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya kwanza: jipime, kisha pima wenzako

Unapaswa kuweza kujiinua kwa kafi baada ya kupinduka, kulia na kushoto, ndani ya povu zito ambamo kafi halishiki maji vizuri. Uweze kuingia kwenye edi ndogo, yaani yale maji yanayorudi nyuma ya jiwe, hata edi yenye upana wa kayaki moja tu, na uingie kila unapokusudia. Uweze kuvuka mkondo mkali kwa pembe bila kusukumwa chini. Uweze pia kuogelea maji ya kasi, kurusha kamba ikamfikia mtu, na kumpa pumzi na kumbana kifua aliyezama.

Kuhusu kundi, watatu ndio kiwango cha chini: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na mmoja anafuata msaada. Wanne au watano ni bora zaidi. Kundi likizidi sita, edi hazitoshi na muda unaliwa na kusubiriana. Kingine kinachonihusu sana ni tabia. Chagua mtu anayeweza kusema "mimi hapa nabeba", yaani napita kwa miguu ukingoni kayaki ikiwa begani, bila aibu, na ambaye mwingine akisema hivyo hamdhihaki. Kundi ambalo watu wanaoneana haya kubeba kayaki ni hatari kuliko mvua ya usiku.

Hatua ya pili: soma korongo kwenye ramani

Anza na mteremko. Chukua kimo cha mahali pa kuingilia, toa kimo cha mahali pa kutokea, gawanya kwa urefu wa mto kwa kilomita. Mita 20 kwa kilomita ni mteremko mkali tayari. Ukipita 40 uko kwenye maporomoko yanayofuatana bila kupumzika. Lakini wastani hudanganya. Mto wa kilomita 5 unaoshuka mita 100 unaweza kushuka sawasawa mwanzo hadi mwisho, au ukawa tambarare kilomita 4 na kuanguka karibu mita zote hizo katika moja iliyobaki. Kwa hiyo gawanya mto vipande vya kilomita moja moja, au nusu, na ukipe kila kipande hesabu yake. Mahali mistari ya kimo inapokaribiana hadi kugusana juu ya mto, weka alama nyekundu.

Mteremko peke yake hautoshi. Ongeza wingi wa maji, unaopimwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria hauteremki sana kwa kilomita ukiulinganisha na vijito vya milimani, lakini wingi wa maji unaobanwa ndani ya korongo la Batoka huzaa mawimbi makubwa mno na mashimo makubwa, yaani mahali maji yanapoanguka na kujirudi nyuma yakizunguka. Kijito chembamba cha milimani kina maji kidogo na mawe mengi, na hatari yake ni kunasa. Kumbuka pia kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma kwenye mwamba huongezeka mara nne. Ongezeko linaloonekana dogo kwenye kipimo cha maji halina udogo wowote ukiwa umebanwa.

Picha za setilaiti zitakuonyesha maji meupe, magogo yaliyokwama na mahali ukuta unapoachia ufuko. Tazama tarehe ya picha na msimu wake, maana korongo lililopigwa picha wakati wa kiangazi halikuelezi chochote kuhusu masika. Vivuli vya kuta navyo huficha vipande vizima. Palipo kivuli usipahesabu kuwa shwari.

Kisha weka alama kwenye kila njia ya kutokea: kijito kinachoingia kutoka pembeni, bonde lililokatiza ukuta, mteremko wa kifusi, njia ya wanyama au ya wavuvi. Pima kutoka njia moja hadi nyingine. Kipande kirefu kisicho na njia yoyote ndicho moyo wa safari yako. Jua kinaanzia wapi, na amua mapema kwamba hapo juu kundi litasimama na kuulizana upya kama linaendelea. Hifadhi ramani hiyo kwenye simu, na nyingine ya karatasi ndani ya mfuko usiopenya maji.

Hatua ya tatu: subiri maji sahihi

Hapa ndipo safari nyingi huamuliwa kabla kayaki haijagusa maji. Oktoba 1998 timu ya Wamarekani iliingia kwenye korongo la Tsangpo, Tibet, mto ukiwa umejaa kuliko walivyotarajia, na Doug Gordon, mpiga kafi mwenye uzoefu mkubwa, akapoteza maisha humo. Timu ya Scott Lindgren ilikwenda Februari 2002, wakati wa baridi, maji yakiwa chini, ikashuka sehemu ya juu ya korongo lilelile. Ilipofika mahali pasipopitika, ilibeba kayaki kuvuka mlima wenye theluji. Korongo ni moja, ila mto wa Oktoba ile na mto wa Februari ile ni mito miwili.

Tafuta kipimo cha maji kilicho karibu na ufuatilie mwenendo wake kwa siku kadhaa, usitosheke na namba ya leo. Mto unaopanda uogope kuliko mto ulio juu lakini unashuka. Kama maji yanatoka kwenye theluji au barafu, yataongezeka kadiri jua linavyochoma, na ongezeko hilo litakufikia mchana au jioni kutegemea umbali. Kama kuna bwawa juu yako, ulizia ratiba ya kufungulia maji, na upate jibu kutoka kwa wanaolisimamia.

Mkiwa ndani, kila mnaposimama kwa muda panga jiwe dogo pale maji yanapoishia. Jiwe likizama, mto unapanda. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo na kuanza kuleta majani na vijiti, msingoje jiwe lizame. Pandeni juu wakati huohuo.

Hatua ya nne: vifaa

Kayaki iwe ya plastiki nene, ya kushukia maporomoko: fupi, mita 2.4 hadi 2.8, yenye tumbo kubwa ili iibuke haraka, pua iliyopinda juu, nguzo ya ndani inayozuia sitaha isikubane miguu, na pete imara za chuma mbele na nyuma za kufungia karabina, yaani kiungo cha chuma kinachofunguka na kujifunga. Sehemu ya kukanyagia iwe bapa kamili, maana pua ikigonga mwamba miguu yote miwili lazima ipate pa kutua. Jaza mifuko ya hewa nyuma.

Sketi ya kayaki, yaani kifuniko unachovaa kiunoni kuziba tundu la kukalia, iwe ngumu isiyofunguka chini ya uzito wa maji, na mkanda wake wa kuvutia uwe nje kila mara. Kabla ya kusukuma kutoka ukingoni, ushike mkanda huo kwa mkono, kila safari, na umtazame mwenzako naye anaushika. Hili ni jambo la sekunde moja, na mkanda ukisahauliwa ndani mtu anaweza kufungiwa chini ya maji.

Vaa helmeti inayofunika paji la uso na masikio. Jaketi okozi liwe la uokoaji, lenye mkanda wa kifuani unaojifungua kwa kuvutwa mara moja, na ndani yake kisu unachoweza kukifikia kwa mkono wowote pamoja na filimbi. Viatu viwe na soli inayoshika mwamba uliolowa, kwa sababu utatembea na kupanda zaidi ya unavyodhani. Maji yakiwa baridi, vaa suti isiyopenya maji na nguo za joto ndani.

Kila mtu awe na mfuko wa kamba ya kurusha, mita 15 hadi 20, kamba inayoelea. Kundi libebe makafi mawili ya akiba yanayofunguka vipande vinne, yasikae kwenye kayaki moja. Vifaa vya kunasua ni karabina kadhaa za kufungika, makapi mawili (magurudumu madogo ya kupitishia kamba), vitanzi viwili vya prusik (kamba nyembamba inayobana kamba kuu ikivutwa) na utepe wa mita nne au tano. Navyo vigawanywe ili kayaki moja ikipotea msibaki mikono mitupu. Beba pia mkoba wa huduma ya kwanza, gundi na bati laini la kuziba ufa, chakula cha siku moja zaidi ya mpango, kitu cha kuwasha moto, taa ya kichwa, na blanketi la dharura.

Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni cha lazima, lakini ukuta wa korongo hukata anga. Ujumbe unaotoka kwa dakika moja uwandani unaweza kuchelewa sana ndani au usitoke kabisa. Kikae mwilini kwa mtu, kwenye jaketi, kisikae ndani ya kayaki.

Hatua ya tano: mpango wa muda

Mwachie mtu wa kuaminika ramani yenye njia zote za kutokea, majina ya kundi, rangi za kayaki, na saa kamili ya kuanza kutafuta msaada asipowasikia. Saa hiyo iheshimiwe na pande zote.

Kwenye maji tambarare mnaweza kwenda kilomita 5 kwa saa. Kwenye korongo lenye kukagua, kuweka ulinzi na kubeba, kilomita moja kwa saa si ajabu, na siku ngumu huwa chini ya hapo. Ingieni mapema asubuhi. Wekeni saa ya mwisho ya kuanza poromoko kubwa, kwa mfano saa tisa alasiri, maana korongo huingia giza mapema kuliko uwanda wa juu, na makosa ya jioni hutokana na watu wenye baridi na njaa wanaotamani kumaliza.

Hatua ya sita: mkiwa majini

Kubalianeni ishara kabla ya kuondoka. Kafi likisimamishwa wima: njia iko wazi, njoo. Kafi likilazwa juu ya kichwa kwa mikono miwili: simama. Kugonga kichwa kwa kiganja: niko salama. Filimbi mara moja: nitazameni. Mara tatu: dharura. Na kanuni isiyovunjwa: unaponyooshea mtu kidole au kafi, onyesha pa kupita, kamwe usionyeshe hatari. Aliye katikati ya povu hana muda wa kufikiri kama umemwambia "nenda pale" au "epuka pale".

Mwendo ni edi hadi edi. Wa mbele anaingia kwenye edi, anatazama mbele, anaona edi inayofuata, ndipo anaashiria. Mwenye uzoefu zaidi anatangulia, wa pili kwa uzoefu anafunga nyuma akiwa na vifaa vya kunasua. Msibanane: edi iliyojaa humtupa wa mwisho nje, naye atashuka bila kuona anakokwenda.

Utakapoona mto unakatika mbele yako, yaani maji yanaishia kwenye mstari na ng'ambo ya mstari huoni mto, tazama vitu vitatu kabla hujasogea. Kwanza miti au kuta za ng'ambo: ukiona vilele tu bila mashina, anguko ni kubwa. Pili mvuke unaopanda. Tatu sauti, maji yanayonguruma kwa uzito kutoka chini yanaanguka mbali. Kama huoni edi ya uhakika juu ya mstari huo, egesha ukingoni na utoke kwenye kayaki mapema, hata kama ni mita 100 kabla. Hapa ndipo swali letu linapouma: usiiache edi unayoweza kutokea mpaka umeiona nyingine.

Ukaguzi uanzie chini. Nenda mpaka mwisho wa poromoko, jiulize mtu akitoka kwenye kayaki ataishia wapi, ndipo upande kurudi juu ukisoma njia. Kama mwisho wake ni dimbwi pana, unaweza kuvumilia makosa. Kama mwisho wake unaingia moja kwa moja kwenye poromoko jingine, hukumu ni tofauti hata kama njia yenyewe ni rahisi.

Angalia jinsi maji yanavyogonga miamba. Kwenye mwamba mzima yanarudi nyuma na kujenga mto wa povu, kama ule wa kulalia, unaokusukuma kando. Ukiona mkondo mkali unafika kwenye mwamba na kupotea kimya, bila povu wala kurudi, mwamba huo umelika chini, au maji yanapita katikati ya mawe kama sifoni. Utulivu ule ndio wa kuogopa. Tupa kijiti na ukifuatilie. Kisipoibuka, poromoko hilo halina mjadala: beba. Chujio la miti, yaani gogo au matawi yanayopitisha maji na kumzuia mtu, nalo hesabu yake ni hiyohiyo.

Mashimo yasome kwa umbo. Ukitazama kutoka juu ya mto, shimo ambalo pembe zake mbili zimeelekea mto unakokwenda humtema mtu pembeni. Ambalo pembe zake zimeelekea juu, kwako, humrudisha katikati. Pima pia umbali kati ya anguko na pale maji yanapochemka na kugawanyika: maji yote yaliyo kati ya hapo yanarudi nyuma kuelekea anguko. Mita moja unaivuka kwa mwendo. Mita tatu au nne, beba kayaki.

Wahenga walisema ukiyavulia nguo maji huna budi kuyakoga. Kwenye korongo budi unayo mpaka dakika ya mwisho, na uitumie. Kama huwezi kutaja kwa sauti njia yako pigo kwa pigo, au kama miguu inakutetemeka na sababu huijui, beba.

Ukiamua kushuka, ulinzi ukae kwanza: mtu mwenye kamba chini ya shimo, mwingine kwenye kayaki ndani ya edi ya chini. Kwenye anguko, piga pigo moja refu ukingoni pua inapoanza kuacha maji, vuta hadi nyongani huku ukiinua magoti, ili kayaki itue mbali na shimo. Hilo ndilo bufu, na linafaa kwa maanguko mafupi au yenye povu chini. Anguko la mita nyingi lenye maji mazito, yasiyo na povu, usilitulie bapa. Uti wa mgongo huvunjika hivyo. Ukitua, inama mbele.

Hatua ya saba: kubeba kayaki

Kubeba ni ustadi, na ndiko watu wengi huteleza. Helmeti na jaketi visivuliwe. Kayaki ishushwe kwa kamba iliyozungushwa kwenye mti au mwamba, na mshushaji asijifunge nayo. Mtu mmoja atangulie bila mzigo, ahakikishe njia inafika majini kweli, ndipo mizigo ifuate. Mahali pa kurudia majini nako kukaguliwe kama poromoko, kwa sababu mara nyingi ni ukingo mwembamba juu ya mkondo wenye nguvu.

Hatua ya nane: mambo yakiharibika

Ukitoka kwenye kayaki, lala chali, miguu juu ya maji ikielekea mto unakokwenda, na uogelee kwa bidii kuelekea edi. Usisimame kwenye maji yanayokimbia yanayozidi goti. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na hutainuka. Chujio la miti likiwa haliepukiki, geuka: kichwa mbele, ogelea kulielekea kwa nguvu zote, na ujitupe juu yake kabla halijakuvuta chini.

Anayerusha kamba amwite mtu jina mpaka macho yakutane, ndipo arushe kamba ivuke kifua chake. Kisha aketi chini, akanyage mwamba, na aache mkondo umlete mwenzake ukingoni. Anayeokolewa ashike kamba, asishike mfuko, aiweke kifuani ikipita bega lililo mbali na mrushaji, na alale chali. Mkao huo humpeleka ukingoni na kumwacha uso ukiwa hewani. Kamba isifungwe wala kuzungushwa mkononi.

Kayaki ikibanwa na mtu yumo ndani, kazi ya kwanza ni kichwa chake kibaki juu ya maji. Mtu mmoja amfikie au ampe kamba ya kujishikilia wakati wengine wanafunga makapi. Mpangilio wa 3 kwa 1, yaani kamba inayopitishwa kwenye makapi ili nguvu ya kuvuta iongezeke mara tatu, unawawezesha watu wawili kuvuta kayaki iliyojaa maji. Mtu huokolewa kwanza, kayaki baadaye, kafi mwishoni.

Baridi isidharauliwe. Dakika ya kwanza kwenye maji baridi sana ni ya kutawala pumzi, dakika kama 10 zinazofuata mikono bado inatii, baada ya hapo hata kamba iliyoko kiganjani haishikiki. Aliyeanza kutetemeka na kutamka maneno yasiyoeleweka asirudi kwenye poromoko. Avuliwe nguo mbichi, akaushwe, afunikwe, na kundi likae.

Msipotoka kabla ya giza, laleni. Tafuteni sehemu iliyo juu ya alama ya mafuriko, pale magogo ya zamani yalipokwama, fungeni kayaki zote juu zaidi, na mtumieni ujumbe yule anayewasubiri. Asubuhi, kabla ya yeyote kuvaa sketi, nendeni mkaangalie jiwe mlilopanga jana jioni, kisha mpange upya njia kutoka hapo hadi alama ya kwanza ya kutokea kwenye ramani.